Kelele katika hedifoni: ni chombo au ni sikio?



Wapendwa wasomaji wetu, katika ukurasa wa afya wa mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo huenda wengine wataliona kuwa ni la mafundi tu. Ni kelele zinazosikika katika hedifoni za kompyuta. Hedifoni tunayoizungumzia ni kile chombo kinachovaliwa kichwani, chenye spika mbili ndogo za masikioni na kipaza sauti kinachokaa karibu na mdomo. Siku hizi chombo hiki kimeingia katika nyumba nyingi za waamini wetu. Mwanafunzi wa chuo anakitumia kusikiliza masomo, mwalimu wa kwaya anakitumia kusikiliza nyimbo walizorekodi, na baba anayefanya kazi mbali anakitumia kuzungumza na watoto wake.

Jambo hili tumeliweka katika ukurasa wa afya kwa sababu moja. Hedifoni ikivuma, watu wengi hawatafuti chanzo cha mvumo. Wanaongeza sauti. Hapo ndipo hasara inapoanza.

YALIYOIPATA FAMILIA MOJA

Tunaanza na habari ya familia moja ya hapa Igoma tunayoifahamu. Majina yao hatuyataji. Mama anauza dagaa sokoni, na binti yake wa kwanza anasoma chuo. Nyumba yao haiko mbali na barabara iendayo Musoma. Mchana kutwa kuna malori, pikipiki, mashine ya kusaga, na spika za maduka zinazoita wateja. Kwa hiyo binti alizoea kusoma usiku, akitumia kompyuta ya mezani waliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na hedifoni.

Tangu mwanzo hedifoni ile ilikuwa na mvumo mzito, kama wa nyuki walio ndani ya mzinga. Ili amsikie mwalimu vizuri, binti aliongeza sauti. Mwalimu alisikika zaidi, lakini na mvumo nao ulionekana kukua. Akaongeza tena, hadi ikafika mwisho. Mama yake alimwonea huruma. Akachota fedha katika mtaji wa dagaa akamnunulia hedifoni nyingine. Ajabu ni kwamba hiyo mpya nayo ilivuma vilevile. Basi binti akaendelea kusoma huku sauti ikiwa juu, saa nne au tano kila usiku, kwa miezi mingi.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Kompyuta ikazimika, feni ikanyamaza, mtaa mzima ukawa kimya. Binti akavua hedifoni. Lakini bado alisikia mlio, mlio mwembamba kama wa nyenje, katika sikio la kulia. Asubuhi akamwambia mama yake, "Mama, kuna nyenje sikioni mwangu." Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo maana siku hizi nakuita mara tatu ndipo unaitika, mwanangu. Mimi nilidhani ni kiburi cha chuo."

Ndugu msomaji, katika nyumba ile kulikuwa na kelele mbili, wala si moja. Ya kwanza ilitoka kwenye chombo, na ingeweza kuondolewa kwa gharama ndogo sana. Ya pili ilikuwa ndani ya sikio, na ililetwa na ile ya kwanza kwa sababu haikushughulikiwa mapema. Wahenga wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sikio likishaharibika kwa kelele, hata ukuta huo hatuna wa kuujenga.

TUTAFUTEJE CHANZO CHA KELELE?

Kabla ya kununua hedifoni nyingine, na kabla ya kuongeza sauti, tufanye majaribio yafuatayo kwa utaratibu. Hayahitaji fundi wala fedha.

1. Vua hedifoni, nenda mahali pakimya, usikilize. Kama kelele imekwisha, basi inatoka kwenye chombo au kwenye umeme. Kama bado unaisikia, tatizo liko sikioni. Acha kutumia hedifoni, usome maelezo yetu ya mbele juu ya sikio.

2. Chomeka hedifoni hiyo kwenye simu au redio. Kama inavuma au kukwaruza huko pia, hedifoni yenyewe ni mbovu. Shika waya karibu na pini, uupindepinde polepole. Kelele ikija na kuondoka kadiri unavyougusa, waya umekatika kwa ndani. Wakati mwingine ni vumbi tu. Futa pini kwa kitambaa kikavu na safi, kisha ichomeke hadi mwisho, maana pini iliyoingia nusu hukwaruza. Kama kwenye simu inalia vizuri, hedifoni ni nzima. Usiitupe. Tafuta kosa kwenye kompyuta.

3. Chunguza pini na tundu lake. Hedifoni za simu huwa na pini moja yenye mikanda mitatu, kwa ajili ya kusikiliza na kuzungumza pamoja. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili: la kijani ni la kusikilizia, na la rangi ya waridi ni la kipaza sauti. Ukichomeka pini ya simu kwenye tundu moja kati ya hayo, kipaza sauti hakitafanya kazi sawasawa na huenda ukasikia mikwaruzo. Dawa yake ni kile kiunganishi kidogo kinachogawa pini moja kuwa mbili. Kwa kompyuta ya mezani, jaribu pia matundu ya nyuma badala ya yale ya mbele. Waya unaokwenda mbele hupita katikati ya vyombo vingine ndani ya sanduku la kompyuta na huokota kelele njiani.

4. Chomoa chaja. Kama unatumia kompyuta ya kubeba, iache itumie betri yake kwa dakika chache. Mvumo ukikoma, kelele inatoka kwenye umeme. Umeme wa nchi yetu hugeuka mwelekeo mara nyingi sana, mizunguko 50 kwa kila sekunde. Mwendo huo ukipenya kwenye waya wa sauti, sikio husikia mvumo mzito usiobadilika. Kazi mojawapo ya ile pini ya tatu ya plagi, iliyo ndefu kuliko mbili nyingine, ni kuupeleka umeme uliopotea njia ardhini. Mafundi huiita ethi. Pale ekstensheni ilipofungwa nyaya mbili badala ya tatu, au pini ya tatu ilipovunjwa ili plagi iingie kwenye soketi isiyofanana nayo, umeme huo hukosa njia. Dalili yake ni kwamba ukigusa chuma cha kompyuta unahisi kutekenywa vidoleni, na mara nyingi mvumo nao hupungua ukiwa umekishika. Tafadhali usilichukulie jambo hili kwa mzaha. Chombo kinachotekenya leo kinaweza kuua kesho, hasa kwa mtu aliyekanyaga sakafu yenye maji. Mwite fundi umeme aliyesomea kazi hiyo akague ekstensheni, soketi na waya wa ethi wa nyumba.

5. Sogeza simu mbali. Wengi wetu tumesikia redio ikilia "tititi-tititi" sekunde chache kabla ya simu kuita. Mawimbi ya simu yanapokwenda na kurudi kwenye mnara huingia katika nyaya za sauti zilizo karibu. Weka simu umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwenye hedifoni, na mlio huo utatoweka.

6. Zima kipaza sauti chako. Kelele ikikoma hapo hapo, ni kipaza sauti kinachookota pumzi yako, feni ya chumbani au muziki wa jirani, na kukurudishia masikioni. Kisogeze kidogo pembeni ya mdomo, kisikae mbele ya pumzi. Kisha fungua mipangilio ya sauti ya kompyuta. Kama nguvu ya kipaza sauti imewekwa juu kabisa, ipunguze. Kama kompyuta imewekwa ikusikilizishe sauti yako mwenyewe, izime hiyo kazi. Ukisikia mwangwi au mlio kama wa filimbi, mara nyingi kuna spika nyingine iliyowashwa karibu, yako au ya yule unayezungumza naye.

7. Angalia kama ni intaneti. Sauti inayokatikakatika au kugeuka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, huku nyimbo zilizohifadhiwa kwenye kompyuta zikilia vizuri, haitokani na hedifoni. Mtandao ni dhaifu wakati huo. Kuongeza sauti hakutasaidia hata kidogo. Subiri, au sogea mahali penye mtandao mzuri.

Tuongeze onyo moja kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria. Radi katika ziwa letu ni nyingi, hasa nyakati za usiku na alfajiri. Ngurumo zikianza, vua hedifoni yenye waya, zima kompyuta, na uchomoe plagi ukutani. Somo linaweza kurudiwa kesho.

KWA NINI TUSIONGEZE SAUTI?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojisokota kama konokono. Humo mna chembe hai ndogo sana zenye vinyweleo, takriban 16,000 katika kila sikio. Sauti inapoingia, vinyweleo hivyo huinama na kuinuka kama mpunga shambani unapopigwa na upepo, na mwendo huo hupelekwa kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Upepo mdogo ukipita, mpunga huinuka tena. Upepo mkali ukivuma usiku kucha, mwingine hulala na hauinuki tena.

Kuku akipoteza chembe hizo, zinaota upya. Binadamu hana neema hiyo. Tulizozaliwa nazo ndizo hizo hadi kufa. Zinazoanza kufa kwa kelele ni zile zinazosikia sauti nyembamba na za juu. Ndiyo maana mgonjwa husema, "Nasikia watu wakizungumza, ila sielewi maneno." Yeye mwenyewe hana habari kwamba amepoteza kitu, kwa kuwa sikio halina maumivu. Nyumbani huitwa mkaidi, na shuleni huitwa mzito wa akili.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila hatari kubwa. Kwa mtoto kiwango hicho ni desibeli 75. Lakini tuangalie muda unavyopungua kadiri sauti inavyopanda. Ikifika desibeli 90, muda salama ni saa 4 tu kwa juma zima. Ikifika desibeli 100, ni dakika 20 kwa juma. Hedifoni iliyofunguliwa hadi mwisho inaweza kufika huko. Binti wa Igoma alikuwa akisikiliza saa nne au tano kwa usiku mmoja.

Mwaka 2021 shirika hilo lilitoa taarifa yake juu ya usikivu duniani. Lilieleza kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa mno. Hao ni vijana wa Ulaya na Marekani, na pia ni vijana wetu wa Igoma, Nyakato na Kisesa.

KAMA KELELE IMO SIKIONI

Mlio unaosikika masikioni bila kuwa na chombo chochote kinacholia una sababu nyingi. Si kila mlio ni alama ya sikio kuharibika. Sababu zinazotokea mara kwa mara ni hizi:

— Nta iliyojaa na kukauka ndani ya sikio.
— Ugonjwa wa sikio, hasa ule unaotoa usaha.
— Kelele kubwa: za hedifoni, mashine za kusaga, karakana za kuchomelea vyuma, na spika za harusi na mikutano.
— Baadhi ya dawa. Wazee wetu waliotibiwa malaria kwa kwinini wanakumbuka jinsi masikio yalivyovuma. Sindano za gentamisini, na aspirini kwa wingi, zinaweza kuleta hali hiyo. Hata hivyo usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuongea na daktari.
— Shinikizo la damu na uzee.

Wapendwa wazazi, tunawaomba mwache tabia ya kuingiza vitu sikioni. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, ufunguo na vijiti vya pamba husukuma nta ndani zaidi na vinaweza kutoboa kiwambo cha sikio. Mafuta ya moto na maji ya majani yasiyojulikana ni hatari vilevile. Sikio lina njia yake ya kutoa nta polepole lenyewe. Ikishindikana, iondolewe na mhudumu wa afya.

Nenda kwenye kituo cha afya bila kuchelewa ukiona mojawapo ya dalili hizi:

— Mlio umedumu zaidi ya juma moja, au uko sikio moja tu.
— Mlio unapiga pamoja na mapigo ya moyo.
— Sikio linauma, linatoa usaha au damu.
— Una kizunguzungu, au mdomo umepinda upande mmoja.
— Usikivu umepotea ghafla, kwa saa chache au siku moja. Hili ni la dharura. Matibabu yakianza ndani ya siku tatu za kwanza, matumaini ya kupona ni makubwa zaidi kuliko ukikaa majuma ukisubiri.

Kituo cha afya kikiona inafaa, kitakuandikia barua ya rufaa. Hapa Mwanza tuna bahati. Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki, ina madaktari wa masikio, pua na koo. Watu huijia kutoka mikoa yote ya kanda ya ziwa, na sisi tulio karibu tusiwe wa mwisho kuitumia.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kinga ni bora kuliko tiba. Tunapendekeza mambo haya:

1. Sauti ya hedifoni isizidi asilimia 60 ya uwezo wake.
2. Kila baada ya saa moja, vua hedifoni kwa dakika kumi, masikio yapumzike.
3. Mtoto asilale na hedifoni masikioni.
4. Chagua hedifoni inayofunika sikio lote. Inazuia kelele za nje, na hivyo sauti haihitaji kupandishwa.
5. Kila mtu awe na yake, au ifutwe kabla ya kupokezana, hasa kama yupo mwenye sikio linalotoa usaha.
6. Mzazi, simama umbali wa hatua moja kutoka kwa mtoto aliyevaa hedifoni, umwite kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, sauti yake ni kubwa mno.
7. Mtoto asiyeitika mara kwa mara asichapwe kwanza. Apimwe masikio.

MWISHO WA HABARI YETU

Fundi umeme alifika katika nyumba ile. Alifungua ekstensheni akakuta nyaya mbili tu, na waya wa ethi haupo kabisa. Akaweka ekstensheni nyingine yenye nyaya tatu, akakagua na soketi ya ukutani. Mvumo ulikoma siku hiyo hiyo katika hedifoni zote mbili, ya zamani na mpya. Yaani ile ya kwanza haikuwa mbovu hata kidogo, na fedha za mtaji wa dagaa zilitumika bure.

Hospitalini walikuta nta katika sikio la kulia, wakaiondoa. Lakini kipimo kilionyesha pia kuwa sauti nyembamba hazisiki vizuri tena upande ule. Mlio wa nyenje umepungua, ila haukuondoka wote. Daktari alimweleza binti ukweli kwa upole: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Sasa anasoma akiwa na sauti ndogo, na mama akimwita anaitika mara ya kwanza au ya pili.

Wapendwa, Mwinjili Marko katika sura ya saba anatueleza jinsi Bwana wetu alivyomtenga kiziwi mmoja na makutano, akamgusa masikio na kumfungua. Kanisa limeendelea kuwahudumia wasiosikia, na shule ya kwanza ya viziwi nchini mwetu ilianzishwa Tabora mwaka 1963 kwa juhudi za Kanisa Katoliki. Ndugu zetu viziwi ni watoto wa Mungu wenye heshima kamili. Nasi tuliopewa masikio yanayosikia tumekabidhiwa amana ya kutunza. Tusiipoteze kwa sababu ya waya mmoja uliokosekana katika ekstensheni.

Basi leo jioni, mtoto wako akiwa amevaa hedifoni, mwite kwa jina lake kwa sauti ya kawaida, uone kama ataitika.